Nyuzi Nane za Mwanaamina

Mama yangu anaitwa Mwanaamina Hamduni, na mwaka jana, kwa siku kumi za kazi, nilimkana. Sikutumia maneno makali. Nilimwita "mama" mbele ya wanawake kumi na mmoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na neno lile lile ndilo lililonisaidia kuficha kwamba ndiye aliyenizaa. Kiswahili chetu kina ukarimu huo. Muuza nyanya ni mama, mkuu wa wilaya ni mama, abiria wa kwenye bajaji ni mama. Ukitaka kumficha mama yako humo katikati, hakuna atakayekushuku.

Nimeombwa niandike kidogo kuhusu "yule mama aliyechora ua la Kamunyonge". Nimekubali, lakini siwezi kuandika sifa zake nikauacha ubaya wangu pembeni. Vimeshikana. Nitajitahidi nianze na yeye.

Alizaliwa hapa hapa Musoma, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alipokuwa darasa la nne mama yake aliugua, nyumbani kukawa na mtoto mchanga wa kulea, na macho ya wakubwa yakamwangukia yeye. Alitolewa shule kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Jirani mmoja akamfundisha kudarizi, akakua, akaolewa na Hashimu, fundi viatu, wakahamia Bunda, na huko ndiko nilikozaliwa mimi, Najat, mtoto wao wa pekee.

Kazi yake ni vitambaa vya makochi na vya meza. Wenzake wengi huchora kwanza kwa penseli, au hupitisha karatasi ya kaboni, ndipo washone juu ya mstari. Mama hachori. Hukunja kitambaa mara mbili, hukikwaruza kwa ukucha kwenye kona ya mkunjo, akikikunjua katikati pameshaonekana. Kutoka hapo anahesabu nyuzi za kitambaa chenyewe kwa ncha ya sindano. Nyuzi nane, anaingiza. Nyuzi nane, anaingiza. Midomo inacheza bila sauti. Ukimsemesha hapo katikati anainua kidole kimoja, nawe unangoja, hata kama unaungua moto. Akimaliza, upande wa kulia unalingana na wa kushoto, wa juu na wa chini, na ukigeuza nyuma huoni fundo hata moja.

Alikuwa na tabia ya kusoma pamoja nami. Daftari langu la darasa la pili alilisoma lote, la tatu, la nne. Nilipoingia la tano nikamletea hesabu za sehemu, akaziangalia, akanirudishia daftari. "Huku mimi sikufikaga," akasema. "Utakuwa unanihadithia tu." Nilimhadithia kwa wiki mbili hivi, kisha nikachoka.

Vitambaa vikishakuwa vingi, alivipanga kwenye beseni la bluu akazunguka navyo kwenye ofisi na shule za Bunda. Shule yangu ilikuwa mojawapo. Aliingia ofisi ya walimu, akavitandaza juu ya meza za watu, na walimu wakavigeuzageuza. Wanafunzi wenzangu wakanipa jina. "Vitambaa, mama yako kaja." Niliposikia hivyo nilikwenda kujificha nyuma ya tangi la maji mpaka atoke getini. Siku moja alipita karibu na lile tangi, tukaonana uso kwa uso. Hakuniita. Akarekebisha beseni kichwani akaenda zake, na baada ya hapo akawa anakuja wakati tuko madarasani. Nilifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilifurahi, nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Baba alipofariki mimi nilikuwa chuoni Mwanza nasomea kompyuta. Mama akarudi Musoma, akapanga chumba Kamunyonge karibu na dada yake. Kwa hiyo majirani zake wa sasa hawakuniona nikikua. Hilo lilikuja kunifaa.

Nilipomaliza chuo niliomba kazi kwenye mradi mmoja wa kuwafundisha wanawake wenye kazi za mikono kuchora nakshi kwa kompyuta. Aliyenisaili ni Bi. Nyamburi, mkuu wa mradi, mtu wa Butiama, mama mwenye sauti ya chini na miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Aliniuliza maswali ya kazi, nikajibu vizuri. Kisha akafunga faili, akaegemea kiti, akauliza kama mtu anayepiga stori, "Na mama yako anafanya kazi gani?"

"Ni mwalimu mstaafu," nikasema. "Yuko Bunda."

Ulimi haukujikwaa hata kidogo. Nilipokuwa nashuka ngazi nilijitetea kwamba si uongo mtupu, maana mama kweli alishinda kwenye ofisi za walimu wa Bunda kuliko baadhi ya walimu wenyewe. Bi. Nyamburi alifurahi, kwa sababu na yeye alilelewa na mwalimu, na tangu siku ile kila tukikutana ananiuliza hali ya mama. Nami namjibu kwamba hajambo, anapumzika, analima bustani kidogo. Nilimjengea yule mama wa Bunda hata bustani.

Nilipewa mkataba wa miezi sita. Ajira kamili ingetegemea darasa langu la kwanza, kwamba Bi. Nyamburi aje siku ya mwisho aone wanafunzi wamefanya nini. Darasa likapangwa Kamunyonge, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya ofisi za kata. Ijumaa nikaletewa orodha ya wanawake kumi na wawili. Namba saba iliandikwa Mwanaamina Hamduni, mdarizi.

Sikumwambia mtu. Jina langu la pili ni la baba, kwa hiyo karatasi hazikunisaliti. Jumamosi nikaenda kwake. Nilimkuta kakaa mlangoni na sindano, nikaamkia, nikangoja kidole kishuke.

"Mama, jina lako nimeliona kwenye orodha."

"Ndiyo. Mimi nilikuwa najua mwalimu ni wewe, nikasema nitakushtua." Alikuwa anatabasamu.

"Sasa mama, utaratibu hauruhusu ndugu. Kule darasani usiniite Najat."

Utaratibu huo haukuwepo popote. Niliutunga nikiwa nimesimama pale pale.

Mama akafikiri. "Nikuiteje?"

"Niite mwalimu."

"Na wewe utaniitaje mimi?"

"Nitakuita mama. Wote nitawaita mama."

Akacheka kidogo. "Basi hutakuwa umedanganya," akasema, akaingia ndani kuniletea chai.

Jumatatu nilichelewa dakika ishirini kwa sababu bajaji iliyobeba kompyuta ilipata pancha. Nilipofika wote walikuwa wameshakaa, wamenyamaza kuliko nilivyotegemea, wananiangalia. Nikawaamkia, "Shikamooni mama zangu." Wakaitikia, na sauti ya mama yangu ilikuwa ndani ya zile sauti, haikuzidi wala kupungua.

Somo lenyewe ni jepesi, na nitalieleza kwa sababu bila hilo hamtaona nilichofanya. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mshale mdogo. Ukiuambia usogee, unasogea huku ukiacha mstari nyuma yake. Huandiki kitu, unavuta tu vipande vya rangi vyenye maneno ya Kiswahili na kuvipanga kimoja juu ya kingine, na siku ya kwanza tu akina mama wakavibatiza matofali. Kuna tofali la "sogea hatua", tofali la "geuka nyuzi", tofali la "rudia mara". Unachora petali moja ya ua, unageuka kidogo, unarudia, na ukipata namba sahihi ua linajifunga lenyewe, kila upande sawa na mwenzake. Nilipowaeleza ulinganifu, kwamba ukikunja picha katikati pande mbili zinalaliana, Mama Kulwa alidakia. Ana mapacha yule, na mdomo wake haupumziki. "Ni kama Kulwa na Doto wangu," akasema. "Mmoja kamtangulia mwenzake tu, sura ni ile ile." Tukaelewana.

Jumatano tukaingia kwenye kugeuka. Sasa hapa ndipo Kiswahili kilipotutega. Pembe tunazipima kwa nyuzi. Aliyesoma mpaka darasa la saba analijua hilo, duara zima ni nyuzi mia tatu na sitini, pembe mraba ni nyuzi tisini. Mimi niliandika namba hizo ubaoni haraka, nikaona nimefundisha. Nikawaambia wachore ua la petali sita, wajaze wenyewe namba kwenye tofali la "geuka nyuzi". Jibu ni sitini, mia tatu na sitini ukigawa kwa sita.

Nikapita nyuma yao. Rebeka, binti aliyekuwa anatoka Bugwema kila asubuhi, msukaji wa vikapu aliyekaa kando ya mama, alishapata. Wengine walipata. Kioo cha mama kilikuwa na petali sita zimerundikana upande mmoja, zote zinaangalia juu. Kwenye tofali la "geuka nyuzi" aliandika nane.

"Hilo si ua," Mama Kulwa akasema akichungulia. "Hilo ni fagio."

Darasa likacheka, na mama mwenyewe akacheka. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Lakini nilikuwa nimeona kitambaa chake juu ya mapaja, chini ya meza, na ncha ya sindano ikiwa imesimama kwenye uzi wa nane. Alikuwa ametafuta jibu kule anakokujua. Nikaona lile beseni la bluu, nikaona ofisi ya walimu, na badala ya huruma nikapandwa na hasira. Niliona ananiaibisha tena. Nikasema kwa sauti ya ubaoni, ili wote wasikie:

"Mama, hapa hatushoni. Hizi nyuzi siyo za sindano, ni za pembe. Hili ni la shule ya msingi. Kwani wewe mama uliishia darasa la ngapi?"

Nilikuwa nalijua jibu. Katika dunia nzima waliobaki wanaolijua vizuri jibu hilo labda ni watu watatu, na mmoja ni mimi niliyeuliza.

Mama akakikunja kitambaa, akakiweka kwenye mfuko. "La nne, mwalimu," akasema.

Kicheko kilikatika ghafla. Nilidhani wanamwonea huruma yeye. Rebeka alikuwa amefungua mdomo kama anataka kusema kitu, kisha akaufunga. Mimi nikafuta ubao, nikaandika tena mia tatu na sitini, mkono ukiwa unatetemeka, nikaendelea na somo.

Ningeweza kwenda kwake jioni ile kumwomba radhi. Kutoka ukumbini hadi kwake ni dakika kumi kwa mguu. Nilipanda bodaboda nikaenda kwangu Nyasho, nikajiambia nitakwenda Alhamisi. Alhamisi nikajiambia Ijumaa. Kitu kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba yeye alikuja, siku zote, saa mbili kasoro, amevaa mtandio wake wa kijani wa sikukuu, akaitikia shikamoo yangu, akakaa kwenye kompyuta namba saba. Akiwa na swali alinyoosha mkono. "Mwalimu, naomba msaada hapa." Nilimsaidia kwa haraka kuliko wengine, bila kumwangalia usoni. Wakati wa chai nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Wiki ya pili nilipita nyuma yake nikakuta ile nane bado ipo. Hakuibadilisha. Alichobadilisha ni tofali la juu yake, la "rudia mara". Aliligeuza kutoka sita likawa saba, akatazama. Akaweka nane, tisa, kumi. Siku mbili alikuwa akiongeza moja moja, huku lile fagio likizidi kutanuka na kuzunguka, mpaka alipofika arobaini na tano, na petali ya mwisho ikaja kukaa pembeni ya ile ya kwanza bila kuacha nafasi na bila kupandiana. Mistari ilikuwa imepishana katikati ikatengeneza kitu kama ungo uliosukwa na fundi. Nane mara arobaini na tano ni mia tatu na sitini. Nilipiga hesabu hiyo kwenye simu yangu, mimi mwenye cheti, kwa sababu sikuamini.

"Ulijuaje ni arobaini na tano?" nikamuuliza. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu ile Jumatano ya fagio ambayo hayakuwa ya kazi tupu.

"Sikujua, mwalimu. Kitambaa nacho ndivyo kilivyo. Unaongezaga mpaka pande zikutane, zikikutana unaacha."

Nilitaka kukaa kwenye kiti cha pembeni yake. Nilitaka kusema kwamba hicho alichofanya nilikaa chuoni muhula mzima kabla sijakielewa. Nikasema "Vizuri, mama," kama nilivyomwambia kila mtu, nikasogea kwa Mama Kulwa. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo zaidi ya hapo kila kitu kitamwagika, na ilikuwa imebaki siku mbili tu Bi. Nyamburi aje. Nilichagua kazi. Sina jina zuri zaidi la kukiita nilichofanya.

Ijumaa ya mwisho tulichapa picha zote kumi na mbili, tukazibandika ukutani. Lile ua la petali arobaini na tano nililiweka katikati, maana hata uoga wangu haukuweza kuliweka pembeni. Bi. Nyamburi alifika saa tano. Akavaa miwani, akazunguka ukuta mzima bila haraka, akarudi katikati, akasimama.

"Hili ni la nani?"

Mama akanyoosha mkono kutoka kiti chake. Bi. Nyamburi akamwuliza jina, akaliandika, akampongeza kwa mikono miwili. Kisha akatugeukia wote, amejaa furaha, na akasema maneno ambayo sikuyategemea.

"Mnaona jinsi malezi yanavyofanya kazi? Huyu Najat mama yake ni mwalimu mstaafu, yuko pale Bunda. Ndiyo maana kufundisha kuko kwenye damu. Najat, siku moja utuletee yule mama, tumpe mkono."

Wanawake wote waliinamisha macho mezani kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa projekta nimeuzungushia kwenye vidole mpaka vikawa vyeupe. Sikuwahi kuwaza kwamba hayo mawili yangekutana ndani ya chumba kimoja, mama niliyemtunga na mama aliyenizaa, huyu wa pili akimsikia mwenzake akisifiwa.

Mama akasimama. Akautengeneza mtandio wake.

"Mkubwa," akamwambia Bi. Nyamburi, "na sisi wanafunzi tunaomba mtufikishie salamu kwa huyo mama wa Bunda. Mwambieni amelea vizuri. Mwalimu wetu hajatukosea kitu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza salamu kweli. Alikuwa ananikinga. Nilikuwa nimemtoa mimi mwenyewe, nimemweka mwalimu mstaafu mwenye bustani mahali pake, na bado alisimama mbele ya watu kuulinda uongo wangu ili nisipoteze kazi. Nimewahi kuona aibu mara nyingi, nyingi zikiwa za kijinga. Ile ilikuwa ya kweli.

"Bi. Nyamburi," nikasema, "hakuna mwalimu wa Bunda. Mama yangu ni huyu aliyesimama. Nilikudanganya siku ya usaili."

Bi. Nyamburi akavua miwani. "Kwa nini?"

"Nilimwonea aibu."

Bi. Nyamburi akamtazama mama, kisha akafunga daftari lake taratibu. "Tutaongea Jumatatu," akasema, akatuaga, akaenda kwenye gari. Niwaeleze tu kwamba Jumatatu hiyo alinipa miezi mitatu mingine ya majaribio badala ya ajira, na sikuwa na la kulalamika.

Lakini hiyo Ijumaa nilibaki na wale wanawake. Niliwageukia. Nilitegemea mshangao, nilitegemea hata kuzomewa, na ningeyapokea. Hawakushangaa. Mama Kulwa ndiye aliyenionea huruma akaongea.

"Mwalimu, sisi tunajua. Tangu ile Jumatatu kabla hujafika."

"Mnajua nini?"

"Mama yako alituambia. Akasema huyo anayekuja ni mwanangu wa kumzaa, lakini ana sababu zake, msimwonyeshe kama mnajua, atababaika ashindwe kufundisha. Ndiyo tukanyamaza."

"Ile siku ulipomuuliza darasa la ngapi," Rebeka akasema, naye haniangalii, "mimi nilikuwa nataka kukwambia. Akanifinya mguu chini ya meza."

Kwa hiyo siku zote kumi. Kila asubuhi nilipoingia na shikamooni zangu, kila nilipomwita mama kwa sauti ile ya kugawia wote, kila nilipotoka nje kuongea na simu isiyo na mtu, walikuwa wananitazama wanajua. Walikuwa wameniita mwalimu kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Niliwaomba radhi. Nililia, tena vibaya, kwa kwikwi. Mama Kulwa akanipa kanga yake nifute uso, akasema, "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Tulitoka mimi na mama, tukaelekea kwake kwa mguu. Jua lilikuwa kali. Yeye alibeba picha yake imeviringishwa, mimi nilibeba mfuko wake wa sindano. Nilimweleza yote, uongo wa usaili, utaratibu usiokuwepo, bustani, na kwamba siku ile ya nyuzi nane nilimuuliza swali lile kwa makusudi. Sikutaka abaki akidhani lilinitoka. Alisikiliza huku akiangalia njia.

"Nilishakusamehe Jumatano ile ile," akasema. "Nilikuona mkono unavyotetemeka kwenye ubao."

Nikamwambia hakupaswa kunisamehe haraka hivyo. Tulifika mlangoni kwake, akatafuta ufunguo kwenye pindo la mtandio, akaukosa, akaupata. Aliuingiza kwenye kufuli, kisha akasimama hivyo hivyo bila kufungua, amenipa mgongo.

"Ila yule mama wa Bunda," akasema, "nilimwonea wivu."